Ushahidi upo, hoja iko wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Mwanza, mwaka wa pili. Tulipewa insha ya maneno 1,500: 'Uvuvi katika Ziwa Victoria usimamishwe kwa miezi mitatu kila mwaka. Jadili.' Nilisoma sana, nikaenda hadi mwalo wa Kirumba kuuliza wavuvi, nikaweka vyanzo 14. Nimepata 9 kati ya 20, na maoni ni mstari mmoja tu: 'Unaeleza, hujengi hoja.' Mimi hoja ninazo sita. Nimekosea wapi? Na je, naruhusiwa kuandika 'mimi naona' au ni kosa? Nimeambatisha insha yenyewe."

Marahaba. Nimeisoma insha yote, na mhadhiri wako yuko sahihi, ingawa mstari mmoja ni maoni machache mno kwa kazi uliyoifanya. Tuanze na maneno yako mwenyewe: "Hoja ninazo sita." Ulizonazo ni mada sita: umuhimu wa ziwa, kupungua kwa sangara, nyavu haramu, ajira, lishe, na kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Sekondari tumezoeshwa hivyo. Toa hoja sita, kila moja aya yake, msahihishaji aweke tiki sita asonge mbele. Mtindo ule unapima kama unakumbuka. Insha ya chuo inapima kama msomaji asiyekubaliana nawe atajikuta amebanwa na mantiki yako, aya baada ya aya.

Hii ndiyo aya yako ya tatu kama ulivyoiandika:

"Aidha, sangara wamepungua sana katika Ziwa Victoria. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 na Tanzania inamiliki asilimia 51. Wavuvi hutumia nyavu haramu kama vile kokoro na timba ambazo huvua samaki wachanga. Pia mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu. Ni ukweli usiopingika kuwa uvuvi haramu ni tatizo. Hivyo basi, uvuvi usimamishwe."

Soma sentensi ya tatu, kisha uruke hadi ya mwisho. Kokoro linavua samaki wachanga. Hivyo basi uvuvi wote usimamishwe. Kwa nini wote? Ushahidi huo unatetea kuondolewa kwa kokoro. Mwenye nyavu halali za makila atakuuliza anaadhibiwa kwa kosa la nani, na aya yako haina jibu. Tena, ziwa likifungwa miezi mitatu, kokoro hilohilo litarudi majini mwezi wa nne. Jambo gani litakuwa limebadilika? Maneno "hivyo basi" yamebeba mzigo ambao hakuna sentensi iliyoutayarisha.

Kinachokosekana hapo kina jina. Mwaka 1958 mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin alizichambua sehemu zinazofanya hoja isimame, akaonyesha kwamba dai na ushahidi peke yake havitoshi. Katikati lazima kuwe na kanuni inayompa msomaji ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Tuiite kiungo. Kiungo nacho kinaweza kuhitaji egemeo, yaani sababu ya kukiamini. Juu ya hapo kuna kadiri ya uhakika (dai ni la daima, la mara nyingi, au la huenda?) na pingamizi, yaani mazingira ambamo dai halisimami. Sehemu hizo sita ndizo zingestahili kuhesabiwa badala ya mada sita. Huhitaji kuzitaja kwa majina ndani ya insha, wala hazilazimiki kuonekana zote katika kila aya. Kiungo ndicho kisichosamehewa kukosekana, na ndicho wanafunzi wengi hukiacha, kwa sababu kichwani mwa mwandishi kinaonekana dhahiri mno kiasi kwamba haoni haja ya kukiandika.

Njia ya kukinasa ni hii. Chukua ushahidi mmoja na dai moja, andika katikati: "Ushahidi huu unathibitisha dai hili iwapo ni kweli kwamba…" na ukamilishe sentensi. Ukijaribu kwa aya yako utapata: "…iwapo ni kweli kwamba kupumzisha ziwa miezi mitatu kunaondoa madhara ya nyavu zinazotumika miezi tisa." Ukikiona kiungo kikiwa uchi namna hiyo, unajua mara moja kama unakiamini. Nadhani wewe mwenyewe hukiamini. Basi tatizo halianzii kwenye aya. Linaanzia kwenye dai.

Dai lako kuu, nililolipata mwishoni mwa ukurasa wa pili, linasema: "Uvuvi una faida na hasara, hivyo serikali ichukue hatua stahiki." Hakuna binadamu atakayelikataa, kwa hiyo hakuna cha kujengea. Neno "Jadili" halikutaki ugawe faida huku na hasara kule. Linakutaka upime, kisha uamue. Dai zuri linapita majaribio matatu: mtu mwenye akili na anayelijua ziwa anaweza kulikataa, lina "kwa sababu" ndani yake, na linaweza kutetewa ndani ya maneno uliyopewa. Kwa vitu ulivyokwisha kusanya, hili hapa lingewezekana:

"Ziwa Victoria lisifungwe kwa miezi mitatu; kumlinda sangara kwa kipimo cha urefu (asivuliwe kabla hajafikia urefu fulani) kunafaa zaidi, kwa sababu sangara huzaliana mwaka mzima, ziwa hili lina uvuvi zaidi ya mmoja, na kipimo kinaweza kusimamiwa mwaloni bila kusubiri nchi jirani."

Si lazima ukubaliane nalo. Unaweza kutetea kufungwa kwa ziwa na ukapata alama za juu, mradi viungo vyako vishike. Nalitumia hili kwa sababu ushahidi wake tayari umo kwenye insha yako, ila umekaa bila kazi. Sasa tazama aya ya hoja ya kwanza ikijengwa:

"Kufunga ziwa kwa miezi mitatu kungemlinda sangara iwapo angezaliana katika miezi hiyo pekee. Sangara wa Ziwa Victoria huzaliana mwaka mzima, ingawa kuna vipindi vya kilele. Samaki mchanga aliyesalimika Juni anaweza kuvuliwa Septemba kabla hajazaa hata mara moja, ikiwa nyavu zitakazorudi majini ni zilezile. Kinachoamua kama atazaa ni urefu anaoruhusiwa kufikia kabla ya kuvuliwa, mwezi wowote ule. Kwa hiyo, kwa samaki wa aina hii, kuzuia kuvuliwa kwa sangara asiyefika sentimita 50 kuna nafasi kubwa zaidi ya kulinda kizazi kuliko kusimamisha uvuvi kwa msimu."

Sentensi ya kwanza inatangaza kiungo waziwazi: mapumziko ya msimu yanamfaa samaki mwenye msimu wa kuzaa. Ya pili ni ushahidi, na hapo ndipo chanzo chako kinakaa, pamoja na "ingawa" inayokiri kilele kabla mpinzani hajakitaja. Ya tatu inauonyesha utaratibu wenyewe, sangara mmoja kutoka Juni hadi Septemba. Pasipo hiyo msomaji angepaswa kuukisia. Ya nne ni egemeo. Ya tano ni dai dogo, nalo limewekewa mipaka miwili: "kwa samaki wa aina hii" na "nafasi kubwa zaidi". Aya haina neno "aidha" wala "pia", kwa sababu kila sentensi inaikalia iliyotangulia.

Hoja ya pili inatoka humohumo. Ukisema "uvuvi", unamgusa pia mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika giza. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi hulala. Ni samaki mdogo anayekua na kuzaa upesi, tofauti kabisa na sangara. Kiungo chake: hatua inayokusudiwa kumlinda samaki mmoja isisimamishe uvuvi wa mwingine mwenye maisha tofauti, pasipo sababu inayomhusu huyo mwingine. Maneno 200 yanaitosha.

Ya tatu ndiyo inayoiokoa ile asilimia 51. Kwenye aya yako namba ile ilikuwa pambo. Iweke pamoja na asilimia 43 ya Uganda na 6 ya Kenya, halafu uliza: Tanzania ikifunga peke yake, samaki watautambua mpaka? Kufunga kunahitaji nchi tatu zikubaliane tarehe moja. Chombo cha kukutanisha kipo, Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao Jinja, kwa hiyo usiandike kwamba makubaliano hayawezekani. Andika kwamba kipimo cha urefu kinaweza kusimamiwa leo kwenye mialo na viwanda vya upande wetu, wakati kufunga kunasubiri wengine. Tofauti kati ya "haiwezekani" na "inasubiri wengine" ni ndogo kwenye karatasi, lakini ya kwanza inavunjwa na mfano mmoja tu.

Mfano huo upo, nawe uliutaja ukaupita. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Nchi nne ziliweza. Hoja ya ulinganisho ina nguvu iwapo vitu viwili vinafanana katika sifa ileile inayoifanya hatua ifanye kazi. Kufanana kwingine kokote hakusaidii. Kwa upande wa makubaliano, maziwa haya yanafanana: yote yana nchi kadhaa. Kwa upande wa samaki, Tanganyika inategemea zaidi dagaa wa kule na migebuka. Usikimbilie kusema "samaki ni tofauti" ukaishia hapo, kwa sababu mgebuka ni jamaa wa karibu wa sangara na mpinzani mjuzi atakukumbusha. Itakubidi uonyeshe tofauti iko wapi hasa: katika uzazi, katika nyavu, au katika jinsi samaki anavyofika sokoni.

Hapa tumefika kwenye sehemu ninayoiona nzito kuliko zote, hoja pinzani. Uliipa sentensi mbili: "Wapo wanaopinga kwa maslahi yao binafsi. Hawa hawajui umuhimu wa mazingira." Hukujibu hoja ya mtu, umemtukana. Kipimo changu ni hiki: iandike hoja pinzani kwa namna ambayo mwenye nayo akiisoma atasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyomaanisha." Dhidi ya dai tulilolijenga, pingamizi kali zaidi halihusu fedha wala ujinga. Sangara jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume. Jike la sentimita 50 linaweza kuwa halijawahi kutaga. Basi kipimo unachokitetea kinaruhusu kuvuliwa kwa mama ambao hawajazaa, na angalau kufunga ziwa kungewapa miezi mitatu ya kukua.

Pingamizi la namna hiyo unaweza kulijibu kwa njia tatu. Unaukataa ushahidi wake, ukiwa na ushahidi bora. Unaukubali ushahidi na kukikataa kiungo: kweli jike hajakomaa, lakini miezi mitatu haitoshi kumfikisha ukubwani kwa vyovyote, na uvuvi ukifunguliwa atavuliwa akiwa bado hajazaa. Au unakubali yote mawili na kulirekebisha dai lako: kipimo cha chini kisimamiwe, na kipandishwe pale utafiti unapoonyesha majike wengi wanavuliwa kabla ya kutaga. Mimi ningechanganya ya pili na ya tatu. Wanafunzi wengi huiogopa ya tatu wakidhani ni kushindwa, kumbe msahihishaji anayejua kazi yake huiona kama dalili kwamba umefikiri hadi mwisho. Dai likisharekebishwa, rudi kwenye utangulizi uliandike upya ili lifanane. Insha inayoanza na dai moja na kumaliza na jingine bila kukiri hupoteza alama hapo.

Kuhusu mahali pa kuliweka pingamizi: darasa lako likiwa linaunga mkono kufungwa kwa ziwa, litangulize mapema, maana msomaji mwenye pingamizi kichwani hasikilizi aya zako nyingine mpaka ulishughulikie. Kama msomaji hana upande, liweke baada ya hoja ya tatu. Mpangilio wa hoja zenyewe uamuliwe na utegemezi: inayohitaji nyingine ieleweke kwanza ije baadaye. Nguvu ya hoja ni kigezo cha pili tu.

Nimehesabu maneno yako. Maneno 520 yamekwisha kabla msomaji hajajua unataka nini: fasili ya "uvuvi", fasili ya "ziwa", kila moja na "kwa mujibu wa…", kisha historia. Hakuna anayebishana juu ya maana ya ziwa. Fasili neno ambalo hoja inaligeukia, kwako ni "kusimamisha" (ni uvuvi wote au wa sangara?) na "samaki mchanga". Mgawanyo ambao ungekufaa: utangulizi 130, fasili na muktadha 120, hoja ya kwanza 300, ya pili 200, ya tatu 250, pingamizi na majibu 350, hitimisho 120. Zinabaki 30 za kupumulia. Hoja hazilingani urefu kwa sababu hazilingani uzito. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua ulichokitetea.

Lugha nayo inajenga au inabomoa. "Wavuvi hutumia nyavu haramu": ile "hu-" ni ya mazoea, na pasipo kikomo inawashtaki wote kutoka Kirumba hadi Ukerewe. Andika "baadhi ya wavuvi wanatumia", na useme ni wa wapi kama unajua. "Ni ukweli usiopingika" ifute: kama haupingiki, huna haja ya kuutetea, kama unapingika, maneno hayo si ushahidi. Halafu vyanzo vyako vyote "vinasema". Mwandishi anayedai, anayeonyesha, anayekiri na anayethibitisha ni watu wanne tofauti. Ukiandika "anathibitisha" umeshajifunga kwamba unakubali. "Anadai" inakuachia nafasi ya kuuliza.

Mahojiano ya Kirumba ni mali, usiyatupe. Ila yapime. Mvuvi anayekuambia "siku hizi hakuna samaki" anakupa ushahidi mzuri wa jinsi uvuvi wake ulivyobadilika, wala si wa idadi ya samaki ziwani. Mtumie kueleza kipimo kinavyokaguliwa mwaloni, samaki mdogo anapitia wapi, nani anamnunua. Hilo vitabu vyako 14 havikulisema, na ndipo sauti yake inapoisaidia hoja ya tatu. Taja mahali na tarehe, jina liache.

Ukimaliza rasimu, pembeni ya kila aya andika sentensi moja: aya hii inadai nini. Kisha funika insha, usome pembeni tu. Jaribu kubadilishana aya ya pili na ya nne. Kama hakuna kinachoharibika, bado una orodha. Hesabu pia ni aya ngapi zinaanza na "aidha", "pia" au "vilevile"; kwako ni tano kati ya tisa. Hayo ni maneno ya kuongeza kitu kwenye kapu. Hoja huhitaji zaidi "kwa kuwa", "hata hivyo", "iwapo", "kwa hiyo". Usiyabandike juujuu: mahali "kwa hiyo" inapokataa kukaa, kiungo hakijaandikwa.

Swali lako la mwisho. "Mimi naona" si kosa la sarufi wala dhambi ya kitaaluma, lakini linageuza dai kuwa ladha, na ladha haijadiliwi. Idara nyingine zinakubali nafsi ya kwanza, nyingine zinataka "insha hii inatetea". Muulize mhadhiri wako kabla ya kuwasilisha. Ukiruhusiwa, andika "ninadai kwamba… kwa sababu". Usiporuhusiwa, andika "insha hii inadai kwamba… kwa sababu". Unachopaswa kukiepuka kwa vyovyote ni "inaonekana kwamba", maana hapo msomaji hajui inaonekana na nani: na wewe, na mtafiti uliyemsoma, au na yule mvuvi wa Kirumba.